Akiba ya Pindo

Kanda yangu ya kupimia nguo, ile ya njano
iliyofutika namba kuanzia moja hadi nane,
ndiyo ninayopimia ufa wa chumbani.
Nanyanyua mkeka. Napiga goti.
Vidole vinne na ukucha.
Naandika ukutani kwa chaki ya kushonea,
chini ya viuno vya wateja.

Tuliporudi kutoka Sake, cherehani juu ya chukudu,
niliukuta umejilaza sakafuni
kama mpangaji asiyelipa.

Kanyere, binti yangu, anasoma mawe chuoni.
Mama, anasema, haikupasuka nyumba.
Ni bara.
Bamba moja linavutwa kwenye machweo,
jingine linavutwa kule, ng'ambo ya Rwanda,
na sisi wa Majengo tumejenga juu ya mshono.

Mshono naujua.
Suruali haipasuki siku inayopasuka.
Hukonda kwanza magotini, uzi huu, uzi ule,
bila kelele,
mpaka mwenyewe ainame kufunga kiatu.

Kwa mwaka linasogea kiasi gani?
Akanionyesha ukucha:
kiasi unachokua huu kwa mwezi mmoja.
Nikacheka. Hicho tu ndicho kilitukimbiza Sake?

Hakucheka. Alichukua kitenge mezani, akakivuta pande mbili.
Katikati pakazama: hapa maji yakakaa, ikawa Kivu.
Kingo zikainuka: hii Masisi.
Palipokonda zaidi moto ukapenya,
na huyo unamjua, kila usiku anatuwekea wekundu mawinguni.
Zamani maji haya yalitokea kaskazini, Mama.
Milima ikaota njiani, ikayazibia.
Ziwa likageuka kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa,
likatafuta Bukavu, likatokea Ruzizi.

Akavuta tena. Kikachanika.
Nilimgombeza mpaka jirani akaja.
Kitenge kilikuwa cha mteja.

Bauma mwashi aliujaza ufa kwa saruji, mwezi wa kwanza.
Pasaka ukarudi, kando kidogo ya saruji,
kama kiraka kigumu kinavyoirarua nguo iliyochoka.
Sasa nimeumwagia makoro yaliyopondwa,
yanayokubali kusogea.
Ukuta wa upande wa ziwa nimetoa tofali, nimeweka mbao,
na misumari sikuigongea hadi kichwani.
Majirani wanasema fundi huyu hajui kujenga.
Ni kweli. Najua kushona.
Sare za shule nazikunja pindo pana,
vidole vitatu ndani, visivyoonekana,
kwa kuwa mtoto atakua
na baba yake hana hela ya nyingine.

Jana usiku taa ilitikisika, ikatulia.
Tukangoja kidogo, hatukusema kitu.
Kisha Kanyere akasema ipo siku bahari itafika hapa.
Lini?
Miaka milioni kadhaa.
Nikamuuliza: ya chumvi?
Ya chumvi.
Nikalowesha ncha ya uzi mdomoni,
nikatafuta tundu la sindano.