Joho la Lodi wa Harcott

Toka saa nne asubuhi nakaa kitini
chini ya Lodi wa Harcott, hapa Ludlow,
mvua ikikuna madirisha.
Kazi yangu: watu wasimguse.
Hajatokea aliyetaka.

Joho lake jekundu, la ndani ya komamanga,
linamwagika ngazi tatu hadi ukingoni mwa fremu.
Mabegani manyoya meupe yenye vinukta vyeusi,
kila kinukta mkia wa kicheche mmoja.
Arobaini na tatu. Nina muda wa kuhesabu.

Baba alidarizi majoho Siyu,
uzi wa zari mdomoni, maneno yakipita pembeni:
joho halivaliwi na kichwa, mwanangu, tazama bega.
Basi mwezi wa pili nikauacha uso,
ile pua ya poda, ile midomo ya mtu aliyeshiba,
nikatazama bega.

La kulia limeshuka.
Bega la ndoo.
Na kidole gumba, juu ya upanga wa dhahabu,
kina ukucha uliopasuka ukaota upya vibaya,
na upanga wenyewe ameushika
kama mtu anayengoja kuambiwa afagie wapi.

Nilimweleza Bi Winifred wa makabrasha, akacheka,
kisha akashuka stoo, akarudi hacheki,
na daftari la matumizi la nyumba ile:
Tobias Garbett, wa zizi la farasi,
kusimama siku tisa badala ya Bwana
anayeumwa jongo: shilingi mbili, na bia.
Bwana alikuja asubuhi moja tu,
akaleta uso.

Bibi yangu alizoea kusema
nguo ya kuazima haisitiri matako.
Hakusema kitu juu ya nguo ya mwenyewe
na mwili wa kuazima.

Kibao cha shaba kina jina moja.
Nakisugua kila Jumatatu. Kinang'aa. Jina ni lile lile.

Saa kumi na moja nazima taa,
ya usoni kwanza.
Linabaki bega, gizani,
limebeba vicheche arobaini na tatu
na kichwa cha mtu mwingine.
Namwambia kwa Kiswahili cha nyumbani,
maana Kiingereza cha enzi zake sikijui:
shusha mkono, Tobias, wameondoka.

Haushushi.
Pengine ile bia haijafika.