Mbao Zinataka Rangi

Muuzaji alikuja Jumanne, theluji bado i magotini,
akavua viatu mlangoni bila kuambiwa.
Hapo nikajua amelelewa.
Akafungua sanduku la vipande: kona za alumini,
nyeupe, hudhurungi, na moja ya rangi ya mchanga,
zote zimekatwa ili mtu azione tumboni.

Veikko hakuzigusa.
Alikaa karibu na jiko, mikono kaikunja,
mikono iliyolisha misumeno misonobari
miaka thelathini na minane, kiwandani kando ya mto,
hapa Thunder Bay ambako hata makaburi yetu
yana majina ya Kifini.
Akauliza swali moja, kwa sauti ya mtu mwenye jibu lake:
"Na baridi? Chuma hula baridi kama mtoto alavyo sukari."

Kijana akageuza kipande, akatuonyesha
utepe mweusi katikati, mwembamba kama ulimi wa paka,
unaotenga alumini ya nje na ya ndani
zisiambukizane baridi.
"Zinakaa nyumba moja," alisema, "lakini hazisemezani."
Nikacheka.
Veikko akanitazama.
Miaka arobaini na sita ya ndoa,
mtu hujua kicheko kipi kimemlenga.

Mimi sikutaka mengi. Nilitaka jua.
Januari hapa jua huchomoza saa tatu kasorobo,
na saa kumi na moja jioni limeshafunga duka.
Katikati hapo mimi huhama nalo na kiti changu,
kutoka dirisha la jikoni hadi la ngazini,
kama mdai anayemfuata mdeni wake.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta;
mimi ukuta ninao,
nataka kuubomoa, niweke kioo.

Usiku ule alichora kwenye karatasi ya mkate.
Nguzo za mwerezi, viungo vya kuingiliana bila msumari hata mmoja,
na paa lenye mwinamo wa kumwaga theluji.
Kilikuwa chumba kizuri, sisemi uongo.
Kizuri kuliko chochote kilichokuwa sandukuni.
"Mwerezi hauozi," alisema.
"Hauozi," nilisema, "lakini unataka rangi
kila mwaka wa tatu. Nani atapanda?"

Friji ikanguruma, ikanyamaza.
Hatukuitaja ngazi.
Ngazi aliyoishuka Oktoba, uso mweupe kama unga,
mkono kifuani, akasema ni upepo.
Upepo! Siku ile hata moshi wa jirani
ulikuwa umesimama wima kama mshumaa.

Asubuhi nilikuta karatasi mezani, imekunjwa mara nne.
Chini ya mchoro, kwa penseli yake butu:
*Mita nne kwa tatu. Vioo viwiliviwili. Rangi ya mchanga.*
Na chini zaidi, ameandika kwa nguvu hadi karatasi imetoboka:
*Kizingiti ni changu.*

Mafundi walikuja Mei, wakamaliza kwa siku nne,
jambo lililomuudhi.
Alizunguka akigonga fremu kwa kidole:
"Sufuria. Aune, umeninunulia sufuria
nikae ndani nichemke."
Sikujibu. Nilikuwa nahamisha miche ya nyanya.

Sasa ni Februari tena. Nje, digrii ishirini na nane chini ya sifuri.
Kwenye kona moja ya kioo ukungu kidogo hujikusanya;
huuonyesha kila mgeni, kwa furaha ya shahidi wa mashtaka.
Lakini kiti chake ndicho kilicho karibu na kioo,
na mara mbili wiki hii nimemkuta amelala,
gazeti kifuani, jua likimpanda taratibu
toka soksi hadi ndevu.

Jumamosi hupiga magoti mlangoni,
akapaka mafuta ya kitani kizingiti chake cha mwerezi,
polepole, kwa kitambaa cha shati kuukuu,
akifuata mishipa ya mbao kama asomaye barua.
Mimi hupita juu yake na chai.
Ni kazi isiyohitaji ngazi.