Mguu wa Kushoto

Fintan alisaini Jumanne, saa kumi jioni,
kwa kalamu ya klabu. Buluu, mpaka wino.
Bwana Drysdale wa timu ya vijana akanipa mkono,
kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia mvua:
"Na shule, alisoma ipi?"
Nikamtajia. Jina lake linaanza na Mtakatifu.
Akatikisa kichwa. Akamimina chai.

Hapa Glasgow hatuulizani dini.
Tunaulizana shule, mtaa, ukoo wa mama,
na ujeuri ukizidi: unachimba kwa mguu gani?
Wa kulia ni wao. Wa kushoto ni sisi,
tuliovuka kutoka Ireland na njaa yetu na majembe yetu,
tukaambiwa hata koleo tunalikanyaga vibaya.
Na mwanangu, tangu ana miaka minne,
kopo, soksi, tufaha lililooza,
kila kitu hukipiga kwa kushoto.
Mungu naye ana utani wake.

Mimi ni dereva wa basi.
Kijani nilikirithi kama nilivyorithi upara.

Mama yangu tulimwambia mwisho.
Tukajipanga mbele ya kiti chake kama wafiwa,
Bi Philomena, tisini kasoro miwili,
rozari imemzunguka kiganja.
Akatusikiliza mpaka mwisho.
"Wanalipa ngapi?"
Tukamtajia.
Akarudi kwenye Salamu Maria pale alipoiachia.

Majella, mke wangu, haaniki jezi nje.
Huzitandaza ndani, juu ya mabomba ya joto,
madirisha yanatoka jasho,
nyumba nzima inanuka sabuni na siri.
Lakini mtaa una macho.
Mtu aliandika kwa kidole kwenye vumbi la gari langu:
MSALITI.
Sikulifuta. Nilisema mvua italiosha,
mvua ya hapa, isiyojua kukosekana.
Siku nne ikakosekana.

Na huko kwao?
"Poa," anasema Fintan. Kila siku poa.
Mpaka nilipofungua begi lake nikitafuta soksi
nikakuta kiazi.
Kibichi, kina udongo, kimesokomezwa ndani ya kiatu.
Nilijua maana yake. Na yeye alijua.
Nisichojua ni kwa nini hakukitupa njiani,
kwa nini alipanda nacho treni mpaka nyumbani.
Nilikiweka mezani, nikakosa la kusema.
Mama akakichukua, akakimenya bila kuuliza,
akakichemsha, akatia chumvi na siagi,
akakila chote.
"Kizuri," akasema. "Wana udongo mzuri."

Jumamosi ile buluu walicheza na kijani, vijana kwa vijana.
Sikujua nisimame wapi.
Miguu ilinipeleka upande niliouzoea,
nikaikatiza kwenye kibendera cha kona.

Zamani, kabla ya kuingia, alijipiga ishara ya msalaba.
Hapa ungekuwa uchokozi.
Nikamwona akiinama kwenye mstari
kufunga kamba za kiatu cha kushoto, zilizokwisha fungwa,
na kidole gumba kikapita juu ya ngozi:
chini, kisha kando.
Labda alikuwa anafuta tope.

Dakika ya sabini na moja akamtoka mtu,
akainua uso,
akamwaga krosi ndefu iliyopinda kama mpini wa mwavuli.
Kichwa. Wavu.
Mikono yangu ilikuwa juu kabla sijaiuliza.
Mbele yangu walikuwa wamenyamaza watu wangu,
akiwamo McAtamney, niliyebatiza naye watoto,
anaitazama mikono ile.
Nikaishusha, taratibu, kama mtu aliyevunja sahani dukani.

Mzee wa skafu ya buluu akanishika bega.
"Sijawahi kukuona. Wewe ni wa wapi?"
Shule ikanijia mdomoni, na mtaa, na jina la mama.
"Mimi ni baba wa namba tatu."
Akatazama kiwanja. Akanitazama mimi.
"Ana mguu wa kushoto yule," akasema,
na mpaka leo sijui alimaanisha upi.