Njiti Arobaini na Moja

Saa kumi na moja, Tukuyu bado ni mvua tupu.
Mvua ya hapa haianzi wala haiishi,
hubadili sauti tu:
juu ya bati, juu ya migomba, juu ya bati tena.
Nakaa jikoni kwenye kigoda,
kaunta buku juu ya debe la unga,
kalamu kwapani kwanza ipate joto,
maana alfajiri ya huku hata wino hujikunyata.

Ukurasa mmoja. Hilo ndilo deni.
Sikusema mzuri. Nimesema mmoja.

Nilianza Machi mosi, baada ya miaka sita ya kusema
"nikipata nafasi."
Nafasi sikuipata. Nilipata watoto wawili,
kazi ya karani wa mizani kituo cha chai,
na riwaya yenye sura moja na nusu
kuhusu mwanamke aitwaye Sekela
niliyemwacha mlangoni, mkono kwenye komeo,
miaka sita.
Hebu ufikirie mkono ule.

Kwa hiyo kila nikimaliza ukurasa
nachomoa njiti moja ya kiberiti,
naitumbukiza katika kopo la siagi lililokwisha,
nabana mfuniko kwa kiganja.
Njiti moja, siku moja.
Kuna siku ukurasa ni wizi mtupu:
nimeandika "Sekela akakohoa" mara nne,
nikamsifia ng'ombe asiye na kazi yoyote katika hadithi.
Njiti imeingia hata hivyo.

Saa nne niko kituoni.
Wachumaji wanashusha magunia, majani yanachuruzika,
nami nasoma mshale, kisha nakata:
kilo mbili za maji, Bi Atupele. Zako tatu, Ambokile.
"Karani, hata hiyo mvua nimeibeba mgongoni!"
Kweli ameibeba. Ila kiwanda hakinunui mvua.
Jumapili narudia kurasa za wiki
na kukata vilevile.
Ng'ombe katoka. Kikohozi kimebaki kimoja.
Najinung'unikia mwenyewe,
maana nami niliibeba.

Asubuhi ya arobaini na mbili kopo ni jepesi.
Nalitikisa. Halisemi kitu.
Tusajigwe anapuliza moto, uji umeshachemka.
"Viberiti vyote vimeloa," anasema,
"nikakumbuka una njiti kavu kwenye kopo lako.
Lusajo alishikwa na homa usiku."
Zote?
"Kuni mbichi, baba Lusajo. Zimekula zote.
Kwani ulikuwa unaziwekea nini?"

Nilitaka kusema.
Nikamwona mtoto mkekani, karibu na mafiga,
jasho puani, pumzi imetulia,
kikombe cha uji kimefika nusu.
Ningeanzia wapi? Kwamba zile zilikuwa siku?

Nikakaa.
Sikuwa tena na hesabu ya kulinda.
Nilikuwa na dakika ishirini na mwanga wa moto
uliowashwa kwa siku zangu arobaini na moja,
ukipenda kusema hivyo.
Mimi sikupenda. Nilikuwa na hasira,
nikaandika kwa hasira hiyo hiyo,
na Sekela akavuta komeo.

Sikujua nje kuna nani.
Bado sijui vizuri, kesho nitajua mstari mmoja zaidi.
Nyuma yake moshi, mbele yake mvua,
na huyo aliyesimama kwenye mvua
akauliza, kwa sauti ya mke wangu kabisa:
"Una kiberiti?"

Jioni nikapitia dukani kwa Mwakipesile,
nikanunua kiberiti kipya,
nikakitia ndani ya kopo, kizima,
nikaliacha karibu na mafiga.
Ukurasa wa arobaini na mbili una doa la uji.
Sikuuhesabu.
Sawa, niliuhesabu. Lakini mara moja tu.