Ukurasa wa 412, Herufi D

"Usianze na jina la mama yako," aliniambia
Bi Ollerenshaw, mkutubi wa sheria, ana mafua, penseli nyweleni.
"Majina ya wageni waliyaandika kwa sikio.
Anza na kiwanda. Kiwanda hakikosewi herufi."

Nje, Leeds ilinyesha ile mvua yake
isiyoamua kama ni mvua.
Nilikuwa nimeandika Mbaruku mara tisa
na mara tisa kompyuta ikajibu: hakuna.
Hakuna. Kana kwamba hakuwahi kuamka saa kumi alfajiri,
basi la Bradford, chakula ndani ya mkebe wa biskuti.

Basi tukaanza na kiwanda.
Hardacre na Wanawe, wachanaji wa sufu.
Mwaka, kisha juzuu, kisha ukurasa wa kwanza:
hukumu huitwa kwa tarakimu.
Kama mfungwa, nikasema.
"Kama kitanda cha hospitali," akasema, akapiga chafya.

Muhtasari wa juu si hukumu, akanionya,
kauandika mtu mwingine, usiunukuu.
Tazama ni mahakama ipi: ya juu huifunga ya chini,
majaji wa daraja moja huheshimiana tu.
Tenga kilichoamuliwa na kile jaji alichokisema njiani,
kama mtu anayeongea huku akitafuta funguo.
Na hizo herufi za pembeni, A mpaka H, ni vipandio vya ngazi.
Usitaje ukurasa tu. Sema umesimama wapi.

Nimesimama ukurasa wa 412, herufi D.

*Mdai, Bi Embarook, ni mwanamke mkweli
lakini mzito wa kushika maelekezo.
Alipaswa kujua kwamba mashine haina macho.
Dai linatupwa, pamoja na gharama.*

Embarook.
Mistari minne, vidole viwili.

Sisi alituambia ni mlango wa gari.
Alichambua mchele kwa vitatu vilivyobaki
na akitutania: kidole kimoja hakivunji chawa,
mimi ninavyo vitatu, nina jeshi.
Neno mahakama halikutoka kinywani mwake hata siku moja.
*Pamoja na gharama.* Kumbe ndiyo ile bahasha ya kahawia
ya kila Ijumaa, tuliyokatazwa kuigusa.

Nikakifunga kitabu.
Bi Ollerenshaw akakifungua.
"Hujamaliza. Hukumu ikishasomwa huanza kutembea.
Tafuta waliokuja baadaye: nani kaifuata,
nani kaikwepa, nani kaizika."

Kuna juzuu ya kazi hiyo tu, nyembamba, rangi ya ini,
safu za majina na alama ndogo kando.
Kidole changu kikashuka, kikashuka.
1991. Embarook na Hardacre. *Haikufuatwa.*

Jaji mwingine. Mashine ya ukoo ule ule.
Msichana wa Keighley, Shabnam Lodhi, mkono wa kushoto.
*Nimeusoma uamuzi wa Embarook. Kwa heshima zote,
mfanyakazi aliyeelezwa kwa lugha asiyoijua
hajaelezwa.*
Dai linakubaliwa.

Keighley, maili kumi kutoka jikoni kwetu.
Mama alikuwa hai. Alikuwa hai miaka kumi na miwili zaidi,
na hakuna aliyemwandikia barua.

Nakala ni peni kumi kwa ukurasa.
Nilitoa zote mbili, aliposhindwa na aliposhindiwa,
zikatoka na joto, nikazishika kwa viganja.
Bi Ollerenshaw akachomoa penseli nyweleni,
akanipa bila kuuliza.
"Kwenye nakala," akasema. "Si kwenye kitabu."

Nikakata E. Nikakata o zote mbili.
Nikatia u, na nyingine mwishoni.
"Na jina la kwanza?"
Halikuwemo popote, wala kwa jaji huyu wala kwa yule.
Nikaliandika pembeni, usawa wa herufi D,
kwa mwandiko wa shule:
Tatu.