Hesabu ya Shekue

Shekue, umenijia, waraka wako wa juzi,
wataka kukimbilia, pasipo kodi ya wizi,
jua la kuanikia, maharage na mavazi,
kalamu naishikia, vidole

Basi. Vina vimenishinda.
Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi,
nimesimama kituoni dakika kumi na mbili
na vidole bado si vyangu.
Nipokee hivihivi, bila urari.

Unasema Winnipeg kodi ni nafuu. Kweli.
Unasema baridi unaijua, wewe mtoto wa Lushoto.
Binamu, baridi ya Lushoto ni ya kuongeza sweta
na kulalamika kidogo kabla ya chai.
Hii ya hapa haina utani na mtu.
Inaingia puani, inasimamisha vinyweleo kama sindano.
Gari tunalichomeka kwenye umeme usiku, kama simu,
na asubuhi likikataa, limekataa.
Juzi nilisahau shuka kwenye kamba.
Nililiingiza ndani limekakamaa,
nimelikumbatia kama mtu aliyebeba mlango.

Sefu wa shangazi Mwanahawa yuko Vancouver.
Huko theluji ni mgeni, mvua ndiyo mwenye mji.
Koti moja, mwaka mzima.
Anaishi chini ya ardhi, chumba cha dirisha moja
linalotazama magurudumu ya gari la mwenye nyumba,
na kwa chumba hicho analipa
kushinda ninacholipa mimi kwa vyumba viwili, sebule,
na kistoo cha viatu vya theluji.
Ikifika tarehe ishirini ananipigia:
"Dada, huna chochote?"
Ninacho. Namtumia.
Kwa hiyo Sefu naye mwandike
kwenye gharama za Winnipeg.

Endelea kuandika, najua unavyopenda daftari:
koti la manyoya ya bata;
viatu jozi mbili, kwa kuwa moja huwa imelowa;
bili ya gesi ya Januari, ifungue ukiwa umekaa;
vidonge vya kumeza badala ya jua,
lilelile unaloanikia maharage bure.
Koleo la theluji. Mgongo wa kushikia koleo.
Halafu kiangazi kinakuja, na mbu.
Ndiyo, mbu! Nami nilidhani
tuliagana uwanja wa ndege.

Lakini kuna mambo sijui niyaweke safu ipi.
Februari iliyopita injini iligoma,
mimi nalia ndani ya gari, machozi yanaganda kwenye kope,
akatokea Bi Halyna wa nyumba ya pili,
ambaye miaka mitatu hajawahi kunisalimu,
kashika nyaya zake za betri.
Akaunganisha, likawaka, akakunja nyaya, akaenda.
Hakuniambia hata neno moja.
Hiyo ni shilingi ngapi?

Na Mwanaidi wangu, aliyezaliwa hapa:
Machi, nyuzi tano chini ya sifuri,
alitupa kofia, akakimbia nje akipiga kelele,
"Mama, joto!"
Nikacheka sana.
Usiku nikamsimulia Lushoto, ukungu, miti ya matunda damu,
bibi anavyokoka moto alfajiri.
Akaniuliza, "Kwani hita yao imeharibika?"
Hapo sikucheka.

Sasa, unataka nikwambie uende wapi.
Sefu anasema mvua ile inamlaza kitandani siku nzima
kuliko baridi yoyote, na bado hahami,
ana rafiki wa kucheza naye bao Jumapili.
Mimi nahesabu kila Novemba,
nafika mwisho wa ukurasa, nafunga, naenda kazini.

Ukija, njoo Mei.
Begi ni kilo ishirini na tatu, wapimaji hawana huruma.
Sweta za Lushoto ziache, hapa ni sawa na leso.
Nafasi yake jaza maharage.
Dukani yapo, tele, na bei si mbaya.
Lakini lete.