Kibubu cha Miguu Minne

Mwezi wa saba, Nizwa ikichemka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni,
niliinunua Krismasi.
Msinicheke. Nilimtumia kaka yangu Mwadime riali kumi na nane,
nikamwambia nenda Mwatate siku ya mnada
mbuzi akiwa bado ni mbuzi,
kabla Desemba haijamvika bei ya ng'ombe.
Akanunua jike. Dume, alisema, lilizidi kwa mia nane.
Hizo mia nane sijui zilipanda bodaboda gani.

Mshahara wangu riali tisini.
Naupanga usiku nyuma ya boksi la tende,
kwa penseli, maana wino haujui kujuta:
arubaini karo ya Mghoi,
ishirini mama na vidonge vyake vya presha,
kumi na mbili deni la wakala aliyenileta,
tano bando, sabuni, mafuta ya nywele.
Kumi zinaingia kopo la maziwa ya unga
nililoliziba kwa gundi, nikalitoboa kwa kisu.
Tatu nimemwachia ibilisi,
naye hazimtoshi.

Kopo ni kibubu, halisemi. Simu ndiyo yenye mdomo.
Tangu Novemba inalia kama kifaranga:
binamu Kilelu anataka viatu vya kung'aa,
kwaya inataka sare,
shemeji anataka nimkumbuke tu,
na kiasi cha kumbukumbu amekiandika.
"Dada, Krismasi ni mara moja kwa mwaka."
Na Januari je? Nayo ni mara moja,
ila huja na siku tisini.
Niliandika hapana. Nikafuta.
Nikaandika nitaangalia. Nikafuta.
Nikaandika hapana, nikazima simu,
nikalala moyo ukinidunda kama wa mwizi.
Kopo halikunipa hata pongezi.

Mwaka huu Krismasi imeangukia Ijumaa,
na Ijumaa Nizwa ni siku ya mbuzi.
Hakuna kengele. Bi Raya ameniamsha baada ya Alfajiri
nimbebee kapu.
Wauzaji wanazunguka na kamba mkononi,
wanunuzi wamechutama, fimbo magotini,
mkono unapapasa mgongo, unafunua meno,
bei inapigiwa ukelele ikipita mbele yangu:
mia na ishirini! Mia na thelathini na tano!
Mwezi wangu mzima na nusu ya mwingine
umepita umefungwa kamba shingoni,
unatafuna kipande cha karatasi.
Nikacheka. "Una nini?" Bi Raya akauliza.
"Leo kwetu sikukuu."
Akanyamaza kidogo, akapekua mkoba, akanipa riali moja.
"Kanunue halwa."
Nilinunua ya baisa mia tano.

Adhuhuri wakapiga, nikawaona wote:
Mghoi na sweta lake, chapati, kunde,
kuku mmoja aliyegawanywa kama urithi.
"Na mbuzi?"
Kimya. Mama akageukia ukuta.
Kumbe mtoto alishampa jina. Anamwita Riali.
"Mwenye jina hachinjwi," Mghoi akasema,
kidevu juu, kama hakimu.
Nilitaka kufoka. Miezi mitano ya hesabu!
Lakini simu ilikwisha kugeuzwa, inatembea,
nikaona matope, mlango wa zizi,
na Riali amelala, anawaramba wawili,
bado wamelowa, mmoja anajaribu miguu
kama mtu anayejaribu viatu vya dukani.

Mama alijua tangu mwezi wa kumi.
"Ningekwambia," akasema, "ungewapangia bajeti."

Usiku natoa boksi la tende na penseli.
Sijui niandike safu ipi.
Riali imezaa.
Nafuta.
Riali amezaa.
Chini yake: halwa, baisa mia tano.